KUISOMA KARATASI YA INI

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, iliyochapwa hapa kwa agizo la Kamati



Twaanza kwa kuishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema mbele ya mkutano mkubwa kama huu. Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusimama na kutoa yake. Na lau shauri hili lisingalikuwa zito, tungalinyamaza kama ilivyo desturi. Lakini katika mwaka uliokwisha wanachama kadhaa wamefika ofisini mwetu, kila mmoja na karatasi ya hospitali mfukoni, wakituomba tuwasomee namba za ini za mke au za mume aliyeambiwa kwamba ana homa ya ini ya aina ya C. Wamekuja kwetu kwa kuwa twajua kusoma na kuhesabu. Nasi twataka kukiri leo mbele yenu kwamba kusoma na kuhesabu hakutoshi, kwa maana karatasi ya namna hiyo ilipoingia nyumbani mwetu wenyewe tuliisoma vibaya mara mbili, na mara ya tatu tulikaribia kukosa tena.

Mama wa watoto wetu ametupa ruhusa tuyaseme haya. Alisema, "Yaseme, baba watoto, ili mwenzangu mwingine asikae na karatasi sandukuni kama nilivyokaa mimi."

Habari yenyewe ni hii. Alikwenda kutoa damu kwa ajili ya jamaa aliyekuwa akipasuliwa. Damu itolewayo katika nchi yetu hupimwa kwanza ili ijulikane kama ina virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini ya B au homa ya ini ya C. Baada ya majuma machache aliitwa, akaambiwa kwamba damu yake imeonyesha dalili ya hiyo ya mwisho, akapewa cheti aende akapimwe zaidi. Kipimo cha kwanza alichofanyiwa kilikuwa cha ini. Karatasi ikaja na ALT 34 na AST 37, na pembeni imeandikwa kwamba kiasi cha kawaida ni hadi 40. Sisi, kwa mazoea yetu ya kuhakiki vitabu vya hesabu, tuliona hakuna namba iliyotiwa alama, tukasema, "Hesabu imekubali." Karatasi tukaitia sandukuni. Ikalala humo miezi 14, na katika miezi hiyo mama alikuwa akilalamika uchovu, nasi tukimjibu kwamba karatasi yasema yu mzima.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Ili mlione vema, yafaa tueleze kwanza kwamba karatasi za maradhi haya hujibu maswali matatu yaliyo mbalimbali, na jibu la swali moja haliwezi kushika mahali pa jibu la jingine.

Swali la kwanza: Je, virusi vimo mwilini?

Virusi vya homa ya ini ya C vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona tu kwamba watu waliotiwa damu hospitalini waliugua ini, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa A wala wa B. Kwa kazi hiyo ya kuvifichua, mabwana Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na virusi hivi. Kipimo hiki ni kama kitabu cha wageni ofisini: chaonyesha kwamba mgeni alifika, lakini hakisemi kama angali ndani au amekwisha kuondoka. Na kweli wapo wanaoondokewa naye wenyewe. Katika watu 10 walioambukizwa, kadiri ya 3 hivi huvishinda virusi katika miezi 6 ya kwanza bila ya dawa yoyote. Wengine hubaki navyo kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo lazima pafuate kipimo cha pili, kitafutacho virusi vyenyewe katika damu, na katika karatasi huandikwa RNA. Hicho ndicho kijibucho swali la kwanza. Mama alikuwa hajafanyiwa. Sisi tulichukua jibu la swali la pili, tukalifanya kuwa jibu la swali la kwanza.

Swali la pili: Je, ini laumizwa sasa?

Hapa ndipo penye ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vikaavyo ndani ya chembe za ini. Tuwaze ghala la mahindi. Gunia likipasuka, punje huonekana njiani. Na mpita njia akiziona hujua kwamba huko ndani kuna gunia lililotoboka. Vivyo hivyo chembe za ini zikiumia, vimeng'enya humwagika katika damu, na namba hupanda. Lakini punje za njiani hazisemi ni nani aliyetoboa gunia, wala hazisemi ni magunia mangapi yaliyobaki ghalani.

Waliotoboa waweza kuwa wengi. Pombe hulitoboa ini. Vidonge vya paracetamol vikimezwa kupita kiasi hulitoboa, na baadhi ya miti-shamba pia. Mahindi yenye ukungu yana sumu iitwayo aflatoksini. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2004, pale watu 317 walipougua katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Tena AST hukaa hata katika misuli, kwa hiyo mtu aliyebeba mizigo mizito siku nzima aweza kuonekana na AST ya juu kidogo, hali ini lake ni salama.

Na lililo kubwa kuliko yote, wazee wetu, ni hili: mwenye virusi vya C aweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa. Namba hii hupanda na kushuka, mwezi huu iko juu na mwezi ujao imetulia, na wapo ambao kwao hukaa imetulia miaka na miaka huku makovu yakizidi polepole. Hata ini lililochakaa sana laweza kuonyesha ALT ndogo, kwa kuwa ghala limebaki na punje chache za kumwagika. Basi ALT 34 ya mama haikuwa cheti cha uzima.

Swali la tatu: Je, ini bado lafanya kazi yake, na makovu yamefika wapi?

Majibu ya swali hili hayapatikani katika ALT. Hutafutwa katika mistari mingine ambayo wengi wetu huiruka. Upo mstari wa albumini, ambayo ni protini itengenezwayo na ini; kwa kawaida huwa 35 hadi 50, na ikipungua sana miguu huvimba na tumbo hujaa maji, ingawa yaweza kupungua pia kwa ugonjwa wa figo au lishe duni. Upo mstari wa bilirubini, yaani ile rangi ya manjano itokayo katika chembe nyekundu za damu zilizokufa. Kazi ya ini ni kuiondoa kwa njia ya nyongo, na ikishindwa macho hugeuka manjano. Upo mstari wa INR, ambao hupima muda wa damu kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa za kuzuia kuganda huwa karibu na 1, nao hupanda ini lisipoweza kutengeneza vigandishi vya kutosha.

Mwisho upo mstari wa PLT, ambao hauko katika karatasi ya ini, bali katika karatasi ya hesabu ya damu. Hizi ni chembe sahani, zizuiazo damu kutoka. Kwa kawaida huwa 150 hadi 400. Ini likijaa makovu, damu hupata shida kupita ndani yake, nayo hurudi nyuma na kulivimbisha wengu. Na wengu lililovimba huzizuia chembe sahani, ndiyo maana namba yake hushuka. Lakini malaria nayo huzishusha, kwa hiyo namba iliyochukuliwa wakati wa homa isifanywe hukumu.

Sasa tuje kwenye kosa letu la pili. Uchovu ulipozidi, mama alituambia, "Mimi nimechoka, na karatasi yako yasema sikuchoka. Tumsadiki nani?" Tukaona haya, tukampeleka hospitali. Damu ilichukuliwa, na kipimo cha RNA kikaonyesha kwamba virusi vimo. ALT ilikuwa 96 na AST 80, na kando ya kila moja pametiwa alama nyeusi. Siku ya kuonana na daktari ilikuwa bado siku 9.

Katika siku 9 hizo tulimzika mtu aliye hai. Tuliwapigia simu mashemeji zetu waje. Tulifungua daftari la mfuko wa mazishi wa Chama hiki, ambalo tunaliandika kwa mkono wetu wenyewe, tukatazama kama michango ya nyumba yetu imekamilika. Mama aliingia ofisini akatukuta kidole kikiwa juu ya mstari wa jina letu. Hakusema neno. Akachukua kikapu chake, akatoka.

Daktari alipozitazama karatasi, hakuanza na zile namba zenye alama. Alianza na zile tulizoziruka. Albumini ilikuwa 41, bilirubini 12, INR 1.0, na PLT 250. Akatuonyesha hesabu moja nyepesi, iitwayo APRI, ambayo Shirika la Afya Duniani huishauri itumike mahali pasipo na mashine kubwa. Hesabu hii hulinganisha AST na chembe sahani. Chukua AST, uigawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile ile. Zidisha kwa 100. Kisha gawa kwa PLT. Kwa mama, 80 kwa 40 ni 2. Mara 100 ni 200. Kwa 250 ni 0.8. Jibu likiwa chini ya 1, si rahisi kuwa ini limekwisha kujaa makovu. Likipita 2, hofu ya makovu makubwa ni kweli. Na likiwa katikati, vitafutwe vipimo vingine.

Tuchukue sasa mfano wa mtu mwingine, ambaye AST yake ni 60 na PLT yake ni 60. Sitini kwa 40 ni 1.5, mara 100 ni 150, kwa 60 ni 2.5. Huyu ana AST ndogo kuliko ya mama, na aliyezoea kutazama alama tu angesema hali yake ni afadhali. Kumbe yeye ndiye aliye hatarini. Twawaombeni mlishike jambo hili, hata kama mtayasahau mengine yote tuliyosema. Hesabu yenyewe nayo ni kielekezi tu. Daktari huithibitisha kwa picha ya tumbo, au kwa mashine ipimayo ugumu wa ini, na kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Basi mara ya kwanza tulifurahi ambapo haikufaa kufurahi, na mara ya pili tuliomboleza ambapo hapakuwa na msiba.

Tiba yake ni neema kubwa ya zama hizi. Zamani wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi mingi, zikiwatesa, na wengi hawakupona. Tangu miaka ya 2013 na 2014 zimekuja dawa za vidonge zinazovipiga virusi vyenyewe. Sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kwa mfano, humezwa kila siku kwa majuma 12, na katika wagonjwa 100 zaidi ya 90 hupona kabisa. Kabla ya kuanza, daktari hupima pia homa ya ini ya B, kwa kuwa yaweza kuamka wakati ya C inapoondoka. Na mgonjwa hana budi kutaja dawa zote anazotumia, hasa za kifua kikuu, kwani rifampicin huzidhoofisha dawa hizi. Mwenye mimba, au anayetazamia kuipata, amwambie daktari mapema.

Hapo ndipo tulipokaribia kukosa mara ya tatu. Katika juma la 4 la dawa ALT ilishuka ikawa 26. Nauli ya kwenda kliniki ilikuwa imetulemea, nasi tukaanza kuuliza kama vidonge vilivyobaki vina haja gani. Safari hii mama ndiye aliyeijua karatasi kuliko karani. Alisema, "Hiyo yajibu swali la pili. La kwanza bado." Akamaliza majuma yote 12. Kisha tukangoja majuma mengine 12 baada ya kidonge cha mwisho, maana ndivyo kanuni ilivyo, ndipo kikafanywa tena kipimo cha RNA. Virusi havikuonekana. Hapo ndipo daktari alipotamka neno "amepona".

Mjue kwamba kingamwili hubaki katika damu hata baada ya kupona, kama jina libakivyo katika kitabu cha wageni. Aliyepona akipimwa kipimo kile cha kwanza ataonekana vilevile kuwa na dalili. Asishituke, na mwenzi wake asimshuku. Pia mtu aweza kuambukizwa upya. Na yule ambaye ini lake lilikwisha kujaa makovu, hata akipona virusi, yafaa apigwe picha ya ini kila miezi 6, kwa sababu saratani ya ini yaweza kumjia baadaye. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, tumbo likijaa maji, au akili ikichanganyikiwa, asingojee siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Tuseme sasa juu ya nyumba na ndoa, maana hapa pameumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe. Siku ya kwanza tulimwuliza mama, "Umeyatoa wapi?" Twasikitika mpaka leo kwamba tuliuliza. Maradhi haya huenea kwa damu: kwa sindano iliyotumiwa na mwingine, kwa damu ya kutiwa isiyopimwa, kwa wembe wenye damu. Kati ya mke na mume wanaokaa pamoja kwa uaminifu huambukizana kwa nadra sana. Mama mjamzito mwenye virusi humwambukiza mtoto mara 5 hivi katika 100. Hayaambukizwi kwa sahani moja, wala kikombe, wala kukumbatiana, wala kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu. Basi hakuna sababu ya kumtengea mtu kijiko chake, wala ya kumrudisha kwao. Vilivyo vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha. Sisi wenyewe tulipimwa, na watoto pia; hakuna aliyeonekana navyo. Na mama hakujua, wala hatajua, vilimpata wapi na lini.

Nanyi wazee wetu, mlio walinzi wa mila, twawasihi kwa heshima: katika kunyoa na katika kutahiri, kila mtoto awe na wembe wake. Yaliyotokea Misri ni funzo. Tangu miaka ya 1950 hadi mapema ya miaka ya 1980 watu wengi mno huko walichomwa sindano za kutibu kichocho, na sindano zikatumiwa kwa mtu baada ya mtu bila ya kusafishwa barabara. Kwa njia hiyo homa ya ini ya C ikaenea nchini kote. Lakini mwaka 2018 na 2019 nchi hiyo ilipima watu wake karibu milioni 50 na kuwatibu walioonekana nayo, hata mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaisifu kuwa mbele ya nchi zote katika safari ya kuyatokomeza maradhi haya. Ikiwa nchi iliyoumia hivyo imeweza, sisi tuna udhuru gani?

Bwana Mwenyekiti, twamalizia kwa maombi matatu kwa Kamati. Kwanza, mfuko wa wagonjwa uruhusiwe kumlipia mwanachama kipimo cha RNA na nauli ya kliniki, kwa kuwa tumezoea kuchangia jeneza upesi kuliko kipimo. Pili, mwanachama aletaye karatasi ofisini asisomewe na karani peke yake; asaidiwe kuandika maswali yale matatu, ayapeleke kwa daktari. Tatu, karatasi zote za mgonjwa zihifadhiwe pamoja kwa tarehe, na ikiwezekana vipimo vifanywe katika maabara moja, maana viwango vya kawaida hutofautiana, na namba moja pekee haielezi kama mtu anapanda au anashuka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Twaongeza kwamba hata asiyeyaficha aweza kuumbuka, ikiwa ameyaweka sandukuni akidhani ameyasoma. Daftari la mfuko wa mazishi lingali ofisini, na michango ya nyumba yetu tutaendelea kuilipa kama wengine. Lakini mama yumo humu ukumbini leo, ameketi miongoni mwa akina mama walioandaa chakula chenu, na mwenye swali ambalo sisi hatuwezi kulijibu na amwendee yeye.